SOMO LA AFYA: KWA NINI DAWA ZA SARATANI HUTIA GANZI VIDOLE



Somo la safari hii linahusu jambo lisilozungumzwa sana katika mikutano yetu. Mfanyakazi ameugua saratani. Amekwenda kutibiwa, amechomwa sindano za dawa kwa miezi kadhaa, uvimbe umenywea, na daktari amemwambia kwamba aweza kurudi kazini. Jamaa zake wamemshukuru Mungu. Lakini anaporudi shambani au kiwandani anakuta vidole si vyake. Vina ganzi, vinachomachoma kama sindano, na usiku nyayo zawaka moto. Kufunga vifungo vya shati kwamshinda. Akichuma chai hawezi kutambua kama ameshika majani mawili na chipukizi au ameshika kijiti kizima. Akitembea gizani anayumba kama mlevi. Nyapara asema amezoea kulala hospitalini sasa hataki kazi. Jirani asema saratani imehamia mikononi. Na mwenyewe anaanza kuficha kwa kuogopa kufukuzwa.

Ganzi hiyo ni jeraha. Haionekani kwa macho kama kidole kilichokatwa na mashine, lakini lina mahali pake mwilini na sababu yake inajulikana. Tukiielewa sababu hiyo, mgonjwa atajua la kumwambia daktari na lini amwambie, na tawi litaweza kusimama mbele ya mwajiri likiwa na hoja.

Waya mrefu kuliko zote mwilini

Mwili umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo zisizoonekana bila darubini. Nyingi ni za duara au za bapa na hukaa mahali pamoja. Seli za fahamu ni tofauti. Kila moja ina kiini chake, na kutoka kiini hicho hutoka uzi mrefu unaochukua habari. Seli zinazotuletea habari za mguso, joto, baridi na maumivu, pamoja na habari za mahali kiungo kilipo hata macho yakiwa yamefumbwa, zina viini vyake kandokando ya uti wa mgongo, katika mafundo madogo yaliyopangwa kulia na kushoto, jozi baada ya jozi. Kila seli yapeleka uzi mmoja nje mpaka kwenye ngozi na msuli, na mwingine ndani kwenye uti wa mgongo, ambako habari hupokewa na kupelekwa ubongoni.

Sasa tazameni kipimo chake. Kiini cha seli moja kama hizo huwa na upana wa kama sehemu ya 20 ya milimita. Lakini uzi wake, kutoka kiunoni hadi kwenye kidole gumba cha mguu, hufika mita moja kwa mtu mzima. Uzi ni mrefu mara 20,000 kuliko kiini chake. Ni kama nyumba ya upana wa mita 4 iliyoko Kampala iwe na waya wake peke yake unaofika Jinja, kilomita 80, na nyumba hiyo iwe na wajibu wa kuutunza waya wote huo, kila siku, maisha yote ya mtu. Tena waya huo hautengenezewi chakula njiani. Karibu kila kitu unachohitaji, protini za ukarabati na vifaa vya kupokelea mguso, hutengenezwa kwenye kiini na kusafirishwa hadi mwisho.

Usafiri huo una reli zake. Ndani ya uzi mmejaa vijibomba vyembamba mno, ambavyo 40,000 vikipangwa bega kwa bega ndipo vitimize milimita moja. Juu ya vijibomba hivyo protini maalum huburuta mizigo, nyingine zikienda na nyingine zikirudi. Wenzetu waliofanya kazi katika mashamba ya miwa zamani, pale miwa ilipochukuliwa kwa matroli kwenye reli nyembamba, wataelewa vizuri. Mzigo wa haraka huweza kwenda milimita 400 kwa siku, maana yake hata ulio mwepesi kuliko yote huchukua siku 2 na nusu kufika kidoleni. Mizigo mizito, ile ya kujengea uzi wenyewe, huenda milimita moja au chache tu kwa siku. Mzigo wa mwendo wa milimita moja, ukianza safari leo kutoka kiunoni, hautafika kwenye kidole cha mguu kabla ya miaka 2 na miezi kama 9.

Basi mtu akiziharibu reli hizo, ni kambi ipi itakayokosa posho kwanza? Ni ile ya mbali kabisa. Ndiyo maana ganzi ya dawa za saratani huanza kwenye vidole vya miguu, kisha ncha za vidole vya mikono, ikapanda taratibu kama soksi na glovu zinazovutwa juu. Mguu wa kulia na wa kushoto huanza karibu pamoja. Mkono mmoja tu ukifa ganzi, au upande mmoja wa mwili, hiyo ni habari nyingine na mgonjwa aende hospitali mara moja.

Ua la Bukini na gamba la mti wa Marekani

Hebu tuzitazame dawa zenyewe. Wengi wenu mnalijua ua dogo la waridi au jeupe, lenye petali 5, linalopandwa mbele ya nyumba na kustahimili jua kali. Asili yake ni kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Waganga wa nchi mbalimbali walilitumia kwa kisukari. Huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer walilichunguza kwa kutafuta dawa ya kisukari hicho. Hawakuipata, bali waliona kwamba maji ya majani yake yapunguza chembe nyeupe za damu. Mwaka 1958 wakatangaza dawa waliyoitoa humo. Ndugu yake dawa hiyo, aitwaye vinkristini, aliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963, na hadi leo hutibu saratani za damu na za tezi.

Sisi wa Uganda tuna historia na dawa hiyo. Mwaka huo huo wa 1958, daktari Denis Burkitt wa Mulago aliandika habari za uvimbe wa taya unaoua watoto wa sehemu hizi, ambao sasa waitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 kikaanzishwa pale Mulago kituo ambacho ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo, na vinkristini ikawa miongoni mwa dawa zilizochanganywa kuutibu uvimbe huo. Watoto waliokuwa wakifa katika muda wa miezi wakaanza kupona. Twayasema haya ili mtu asichukue somo hili kuwa ni la kuwakimbiza watu hospitali. Aliyeponywa saratani akabaki na ganzi ana ganzi. Asiyetibiwa ana kaburi.

Wafanyakazi wa mashamba watapenda kujua hesabu moja. Hukisiwa kwamba nusu tani ya majani makavu ya ua hilo hutoa kama gramu moja tu ya vinkristini. Mtu mzima kwa kawaida hachomwi zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja. Kwa hiyo kila sindano moja ni karibu kilo nzima ya majani makavu, yaliyochumwa kwa mikono ya mtu. Na kwa nini madaktari wasizidishe miligramu 2? Ni kwa sababu ya mishipa ya fahamu.

Seli ya saratani yaua mtu kwa kugawanyika bila kukoma. Ili igawanyike katika mbili huhitaji vijibomba, vya aina ile ile tuliyoitaja, ambavyo huwa kama kamba za kuvuta kila nusu upande wake. Vinkristini huzuia vijibomba visijengeke, nayo seli ikashindwa kugawanyika na ikafa. Dawa nyingine, pakliteseli, ilitokana na gamba la mti uotao pwani ya magharibi ya Marekani. Gamba lilikusanywa mwaka 1962, na muundo wa dawa ukatangazwa mwaka 1971. Mwaka 1979 Susan Horwitz na wenzake walionyesha kwamba hii yafanya kinyume: huvigandisha vijibomba visiweze kubomoka tena. Matokeo ni yale yale, kwani kamba isiyolegea haifai kama vile isiyokuwapo. Pakliteseli hutumika sana kwa saratani ya matiti, ya mfuko wa mayai ya uzazi, na ya Kaposi.

Hapo msomaji makini atauliza: seli ya fahamu ya mtu mzima haigawanyiki kabisa, sasa yadhuriwaje na dawa ya kuzuia kugawanyika? Jibu ni kwamba dawa haichagui kazi ya kijibomba. Kwenye saratani yakuta kamba. Kwenye uzi wa fahamu yakuta reli. Yaharibu vyote viwili. Matroli husimama njiani, na kambi ya mwisho hubaki ikingoja.

Jambo la ajabu zaidi limejulikana hivi karibuni. Zamani ilidhaniwa kwamba uzi ulionyimwa posho hunyauka polepole kwa njaa. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza kwamba ndani ya uzi mna protini iitwayo SARM1 ambayo kazi yake ni kuuvunja uzi wenyewe. Siku zote hushikiliwa isifanye kazi, na inayosaidia kuishikilia ni protini nyingine ambayo haidumu, yaani ni lazima iletwe mpya kutoka kiini kila mara. Reli ikikatika, mlinzi huyo haji. SARM1 hufunguka na kuteketeza akiba ya nguvu ya uzi, na uzi hukatika vipande vipande. Kwa hiyo uharibifu si kufa kwa njaa tu. Ni kama kambi iliyoagizwa ijichome moto yenyewe siku ambayo mjumbe hatafika. Ugunduzi huu umewapa watafiti mahali pa kulenga, nao wanatafuta dawa ya kuifungia SARM1 wakati mgonjwa anapotibiwa. Kwa wanachama wetu wa leo bado si dawa ya kupewa.

Platini

Kuna kundi la pili linalodhuru kwa njia tofauti, nalo tuliseme kwa uangalifu kwa sababu linawahusu wanawake wengi wa mashambani. Sisplatini imetengenezwa kwa platini, madini ya thamani yanayotumika kwa pete. Iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Michigan alikuwa akipitisha umeme kwenye maji yenye bakteria, akaona wanarefuka bila kugawanyika. Kilichowazuia hakikuwa umeme bali platini iliyotoka kwenye vyuma alivyotumbukiza. Dawa iliruhusiwa Marekani mwaka 1978, na leo hutolewa pamoja na mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni kati ya saratani zinazowashika mno wanawake wa Uganda.

Sisplatini haishughuliki hasa na reli. Yaenda moja kwa moja kwenye kiini na kujifunga kwenye DNA, yaani maandishi ya urithi ambayo seli husoma ili itengeneze protini zake. Hapa ndipo tunapofahamu kwa nini seli za kuhisi huumia kuliko seli za kuamrisha misuli. Viini vya seli za misuli vimo ndani ya uti wa mgongo, na mishipa ya damu ya humo ina kizuizi kinachozuia vitu vingi kupita, kama lango lenye askari. Mafundo ya seli za kuhisi yako nje ya lango hilo. Mishipa yake ya damu ina matundu, dawa yapenya na kukusanyika. Hivyo mgonjwa wa sisplatini huweza kukunja ngumi kwa nguvu zake zote, lakini haijui sarafu iliyomo ndani ya ngumi hiyo. Daktari mwenye haraka hupima nguvu, akakuta ipo, akaandika kwamba mgonjwa hana shida.

Tofauti hii ni kubwa kwa habari ya kupona. Reli ikiharibika na kiini kikabaki kizima, uzi waweza kuota tena, kama milimita moja kwa siku katika hali nzuri. Kiini chenyewe kikifa, hakuna kinachoota. Tena sisplatini ina tabia ya kuendelea kudhuru baada ya kusimamishwa, kwa miezi kadhaa, kwa kuwa platini haitoki upesi. Mgonjwa humaliza sindano akiwa na ganzi ndogo, akarudi nyumbani, na mwezi wa tatu hali ikawa mbaya zaidi. Asidhani saratani imerudi. Kwa kawaida dalili huanza baada ya jumla ya dawa kufika kama miligramu 300 kwa kila mita mraba ya ngozi ya mwili. Dawa hiyo hudhuru pia masikio, ikianza na sauti nyembamba. Kwa hiyo mtu wa kiwanda cha nguo asirudishwe kwenye kelele za mashine bila vizuizi vya masikio.

Ndugu yake, oksaliplatini, ya saratani ya utumbo, ina jambo lake la pekee: baridi. Saa chache tu baada ya sindano, mgonjwa akigusa chuma cha baridi au akinywa maji ya baridi, vidole na koo hushtuka kama vimepigwa umeme. Hilo hupungua baada ya siku chache na kurudi na sindano ifuatayo. Fikirini mchumaji wa chai wa Fort Portal, saa moja asubuhi, akitia mikono kwenye majani yaliyolowa umande.

Ni wangapi hupatwa? Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti 31 zenye wagonjwa zaidi ya 4,000 waliopewa dawa za namna hizi. Mwezi wa kwanza baada ya matibabu, watu 68 katika kila 100 walikuwa na dalili. Miezi 3 baadaye 60. Na baada ya miezi 6 au zaidi, 30. Kwa hiyo wengi hupata nafuu, lakini karibu theluthi moja hubaki nayo.

Mambo yanayoongeza hatari

Kisukari huharibu nyuzi zile zile, na pombe pia, hasa kwa mnywaji wa waragi wa kila siku asiyekula vizuri. Virusi vya UKIMWI vyenyewe hudhuru fahamu. Miaka ya nyuma wagonjwa wengi wa Kaposi walipewa vinkristini huku wakimeza stavudini, dawa ya UKIMWI ambayo nayo hutia ganzi miguuni. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe. Wapo bado wenzetu wanaotembea na ganzi ya wakati huo. Anayemeza isoniazidi ya kifua kikuu naye amweleze daktari wa saratani, kwani isoniazidi hupunguza vitamini B6 na hutakiwa kumezwa pamoja nayo.

Lakini jihadharini na wauza vidonge wa kwenye vituo vya mabasi. B6 ikizidi kupita kiasi ni sumu kwa seli hizi hizi za kuhisi: mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliandika habari za watu 7 walioharibika fahamu kwa kumeza gramu 2 hadi 6 kwa siku. Na asetili-karnitini, inayouzwa kama kinga ya mishipa, ilipojaribiwa kwa wanawake waliokuwa wakipewa dawa za jamii ya pakliteseli, iliwazidishia ganzi. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuzuia jeraha hili. Kwa maumivu yaliyokwisha kuja, jaribio la mwaka 2013 lilionyesha kwamba duloksetini hupunguza kiasi, si sana. Haiondoi ganzi.

Tena kuna sumu za kazini. Miaka ya 1960 huko Japani, watu waliokuwa wakigundisha kandambili katika vyumba visivyo na hewa walianza kufa ganzi miguuni kisha kupooza. Kosa lilikuwa heksani, kiyeyusho cha gundi. Mwaka 2009, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Suzhou, Uchina, walipatwa na ugonjwa huo huo kwa kufuta vioo vya simu kwa heksani. Ndani ya mwili heksani hugeuka kitu kinachogandisha nyuzi za ndani za waya wa fahamu, na usafiri husimama. Mlango ni mwingine, lakini nyumba ni moja. Mfanyakazi anayetibiwa saratani asiwekwe kwenye gundi ya viatu. Na mfanyakazi wa gundi asiyepata kuchomwa sindano yoyote ya saratani, akianza kufa ganzi, tawi lidai achunguzwe na jina la gundi liandikwe. Huyo ana ugonjwa wa kazi na yafaa alipwe fidia. Yule wa saratani hana dai la namna hiyo, kwa kuwa dawa haikutoka kazini, na viongozi wa matawi wasichanganye mambo haya mawili mbele ya mwajiri, wasije wakapoteza yote.

La kufanya

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha ganzi inaanza. Daktari hutegemea sana maneno ya mgonjwa. Na wagonjwa wengi hunyamaza, wakihofu dawa itasimamishwa na saratani itarudi. Hofu hiyo twaielewa, lakini daktari aliyeambiwa mapema ana nafasi: aweza kupunguza kipimo, kusogeza siku, au kubadili dawa. Aliyeambiwa mwishoni hana la kufanya. Kabla ya kila sindano mgonjwa ajipime mwenyewe. Afunge vifungo bila kutazama. Afumbe macho, apewe sarafu ya shilingi 100 na ya 500, aseme ipi ni ipi. Asimame miguu pamoja macho yamefumbwa, mtu akiwa karibu wa kumdaka. Anayepewa vinkristini aseme pia kama hapati choo, kwani dawa hiyo hugusa hata fahamu za matumbo. Majibu yaandikwe kwenye daftari na kupelekwa hospitali.

Mguu usiohisi hauna mlinzi. Mwiba waingia asubuhi na mtu hujua jioni anapoona damu. Kwa hiyo viatu vilivyofungwa, si kandambili. Akung'ute kiatu kabla ya kuvaa. Atazame nyayo kila jioni, au mtoto amtazamie. Maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko. Kwenye kazi, panga la kukatia miwa ni hatari kwa mkono usiojua umeshika kwa nguvu gani. Vivyo hivyo ngazi, mabomba ya mvuke, mashine isiyo na kinga, na pedali za trekta ambazo mguu hauzisikii.

Mwanachama alete barua ya daktari inayotaja jeraha la fahamu kwa jina, si maneno ya «apewe kazi nyepesi» tu, ambayo nyapara huyasoma apendavyo. Tawi litaje kazi zilizopo: kupima uzito, stoo, kuandika hesabu, kitalu. Palipo na malipo kwa kilo ndipo penye ugomvi mkubwa. Mchumaji mwenye ganzi huchuma kilo chache, na sehemu yake hukataliwa kwa kuwa ni majani makubwa. Akiachwa kwenye kilo atakuwa anakatwa mshahara kwa kupona. Maoni yetu ni kwamba mkataba wa pamoja uweke wastani wa malipo yake ya kabla ya ugonjwa kwa muda utakaokubaliwa, na tusikubali ahadi za mdomo.

Jambo la mwisho ni muda. Sheria ya Ajira ilivyotungwa mwaka 2006 humpa mgonjwa mshahara kamili wa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ukiisha naye bado mgonjwa, mwajiri aruhusiwa kuvunja mkataba, mradi atimize masharti yake yote hadi siku hiyo. Matibabu ya saratani huchukua miezi 4, 6 na kuzidi. Sheria hiyo hiyo yakataza kumbagua mtu kwa ulemavu, lakini ni vigumu kuutumia ulinzi huo ikiwa ameachishwa kazi kabla hajamaliza sindano. Pengo hilo hujazwa na mkataba wa pamoja pekee.

Maswali ya kujadiliwa tawini: Mkataba wenu wa sasa unasema nini juu ya ugonjwa unaozidi miezi 2, na unakwisha lini? Katika kazi zenu, ni ipi ambayo mtu asiyehisi vidole angeweza kuifanya tangu kesho, na nani anaishikilia sasa? Je, gundi au viyeyusho vinavyotumika kiwandani mwenu vina karatasi yenye majina ya vitu vilivyomo, na mmekwisha kuiona?